Daktari Laennec na Kipande cha Mti

Mama yeyote aliyepata kwenda kliniki akiwa mjamzito amekiona kile kifaa kidogo, mfano wa tarumbeta, cha mti au cha bati, ambacho mkunga hukiweka juu ya tumbo, akainama, akatega sikio na kunyamaza. Wote waliomo chumbani hunyamaza pamoja naye. Baada ya kitambo uso wake hukunjuka, naye husema kwamba moyo wa mtoto unapiga vizuri. Mgonjwa wa kifua naye huwekewa kifuani kile chombo chenye mipira miwili kinachoning'inia shingoni mwa daktari, akaambiwa avute pumzi. Vifaa hivyo viwili ni ndugu wa tumbo moja. Vyote vilitokana na kipande cha mti kilichochongwa na Mfaransa mmoja, mtu mfupi, mwembamba, mwenye mashavu yaliyobonyea, ambaye alifariki mwaka 1826 akiwa na miaka 45 tu. Jina lake ni René Théophile Hyacinthe Laennec.

Twapenda leo kusimulia habari zake, kwa kuwa wengi wakijua chombo na wachache sana wamjua mtu. Tena maisha yake yatuletea swali gumu, ambalo jamaa nyingi zimepata kujiuliza kando ya kitanda cha mgonjwa: Je, yafaa nini kuujua ugonjwa barabara, ikiwa dawa ya kuuponya haipo? Madaktari wenzake walimwuliza swali hilo waziwazi, tena kwa dhihaka.

Laennec alizaliwa tarehe 17 Februari 1781 katika mji wa Quimper, nchi ya Bretagne, upande wa magharibi wa Ufaransa. Huko watu wa mashamba na wavuvi walisema lugha yao wenyewe, Kibretoni, wala wengi hawakujua Kifaransa. Alikuwa na miaka mitano mama yake alipofariki, yadhaniwa kwa kifua kikuu. Baba yake alikuwa wakili, mtu wa maneno mazuri, mpenda mashairi, na mwenye mfuko uliotoboka. Kulea watoto hakukuwa kazi aliyoiweza. Basi René na mdogo wake Michaud walipelekwa kwanza kwa padre mmoja wa ukoo wao, kisha mwaka 1788 wakahamia mji wa Nantes, kwa baba yao mdogo Guillaume Laennec, aliyekuwa daktari. Huyo Guillaume ndiye aliyekuwa baba wa kweli kwa mtoto yule.

Mwaka uliofuata Mapinduzi ya Ufaransa yalianza, na Nantes ukawa mmojawapo wa miji iliyoteseka kupita kiasi. Mashine ya kukatia watu vichwa ilisimamishwa katika uwanja wa Bouffay, karibu na nyumba yao. Mwaka 1793 mapadre kwa makumi walifungiwa ndani ya mashua na kuzamishwa kwa makusudi katika mto Loire. Kijana René alikuwa na miaka 12. Hatuwezi kusema mambo hayo yalimfanyia nini rohoni, lakini mtu aliyekulia mahali ambapo uhai wa binadamu haukuwa na thamani hata kidogo, baadaye alitumia siku zake zote akisikiliza pumzi za maskini.

Alikuwa na miaka 14 alipoanza kumsaidia baba yake mdogo hospitalini. Baba mzazi hakupenda mwanawe awe daktari, na kwa miaka kadhaa René alisitasita. Alijifunza Kigiriki, alitembea mashambani, alicheza dansi, alipiga filimbi. Hiyo filimbi tuikumbuke, kwani sikio lililozoezwa muziki halikumpotezea kazi. Mwaka 1801 alifika Paris kusomea udaktari, hana fedha za kutosha, na barua zake kwa baba yake zilijaa maombi ya msaada ambao mara nyingi haukufika. Walakini mwaka 1803 alishinda tuzo ya kwanza ya uganga na ya upasuaji pia, na mwaka 1804 akapata shahada yake.

Katika miaka hiyo hiyo ya masomo alirudi kwenye dini. Katika ujana wake hakuwa mwenye kushika sana sala. Mwaka 1803 alijiunga na chama cha walei wa Paris kilichojiweka chini ya Bikira Maria, na tangu hapo hakurudi nyuma. Husimuliwa kwamba siku moja alipokuwa safarini na mkewe, gari la farasi lilipinduka. Walipokwisha kutolewa na gari kuinuliwa, daktari alipanda tena, akaketi, akaendelea na rozari palepale walipoachia. Hatuitoi hadithi hiyo ili kumpa sifa za utakatifu. Yatosha kuonyesha namna ya mtu alivyokuwa, yaani mtu asiyependa kuacha jambo katikati.

Mwalimu wake mkubwa alikuwa Corvisart, daktari wa Napoleon mwenyewe. Huyu alifufua ufundi uliokuwa umesahauliwa. Mwaka 1761 daktari Auenbrugger, mwana wa mwenye nyumba ya wageni katika mji wa Graz, alikuwa ameandika kwamba kifua cha mtu kikigongwa kwa vidole hutoa sauti mbalimbali, kama vile pipa la divai hulia vingine likiwa tupu na vingine likijaa. Corvisart aliwafundisha wanafunzi wake kugonga hivyo. Hapo ndipo Laennec alipoanza kuamini kwamba kifua kilichofungwa chaweza kutoa siri zake pasipo kukatwa.

Lakini alikata pia, tena sana. Alifungua mamia ya maiti, akaandika kila alichokiona. Ndiye aliyeupa jina la kitaalamu ule ugonjwa wa ini kusinyaa na kuwa gumu ambao mara nyingi huwapata walevi, na ndiye aliyeitenga kwanza ile kansa nyeusi ianziayo mara nyingi katika ngozi. Siku moja, yapata mwaka 1806, alipokuwa akipasua kwa msumeno mifupa ya uti wa mgongo ya mtu aliyekufa kwa kifua kikuu, msumeno ulimkwaruza kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Kidonda kidogo kikaota uvimbe. Akauunguza kwa dawa kali, ukapona. Alilieleza jambo hilo katika kitabu chake kama mtu aelezaye habari za mtu mwingine.

Mwaka 1814, dola ya Napoleon ilipokuwa ikianguka, Paris ilijaa askari majeruhi na wagonjwa. Miongoni mwao walikuwamo vijana wa Bretagne, watoto wa wakulima, wasiojua Kifaransa hata neno. Walikufa wengi, na si kwa ugonjwa tu, bali kwa upweke, kwa kuwa hakuna aliyewaelewa. Laennec aliomba wakusanywe mahali pamoja katika hospitali ya Salpêtrière, wawe chini ya mikono yake. Akawasemesha kwa lugha ya mama zao. Miaka miwili kabla ya kuvumbua chombo chake, alikuwa tayari amekwisha jifunza kwamba mgonjwa asiyesikilizwa hufa upesi.

Twafika sasa mwaka 1816. Laennec alipewa kazi katika hospitali ya Necker, hospitali ya watu wa hali ya chini pale Paris. Siku moja aliletewa msichana mwenye dalili za ugonjwa wa moyo. Kumgonga kifua hakukufaa kitu, kwa kuwa alikuwa mnene. Iko njia ya zamani ya kuweka sikio kifuani, lakini kwa msichana wa umri ule heshima ilimzuia daktari. Akasimama akifikiri. Ndipo akakumbuka jambo ambalo hata watoto hulijua: ukiweka sikio kwenye ncha moja ya gogo, na mwenzako akikwaruza ncha ya pili kwa pini, utaisikia pini ile waziwazi. Akachukua karatasi za daftari, akazikunja kwa nguvu ziwe kama bomba, akaweka upande mmoja kifuani mwa msichana na upande wa pili sikioni mwake. Akasikia moyo ukipiga wazi kuliko alivyopata kuusikia kwa sikio tupu.

Yafaa tutue hapa kidogo. Haya ndiyo yote yaliyokuwapo: karatasi na adabu. Kama asingalikuwa na haya mbele ya msichana yule maskini, angaliweka sikio lake kifuani kama wengine walivyofanya, na labda bomba lile lingalichelewa kuzaliwa.

Baada ya karatasi alijaribu vitu vingi: kioo, madini, ngozi nyembamba. Mwishoni aliona mti mwepesi wafaa kupita vyote. Alikuwa na kerezo nyumbani, naye alichonga mwenyewe vipande vyake vya mviringo, urefu wa sentimita 30 hivi, vyenye tundu jembamba katikati, vikigawanyika sehemu mbili za kuunganishwa ili viingie mfukoni. Kwa Kigiriki alikiita chombo hicho stetoskopu, maana yake chenye kuchunguza kifua, lakini mara nyingi yeye mwenyewe alikiita silinda tu.

Chombo, hata hivyo, kilikuwa nusu ya kazi, na pengine nusu iliyo rahisi. Nusu ya pili ilikuwa kujua maana ya sauti zilizosikika, kwa maana hapakuwa na mtu duniani aliyekuwa amezisikia hivyo wala kuzipa majina. Kwa muda wa miaka mitatu Laennec alizunguka vitanda vya Necker. Alisikiliza, akaandika. Mgonjwa akipona, aliandika. Mgonjwa akifariki, alifungua kifua chake na kutazama palepale alipokuwa amesikiliza, aone ni kitu gani kilichotoa sauti ile. Hivyo masikio yalikwenda shuleni kwa macho.

Naye alikuwa na kipawa cha kufananisha. Katika kichomi cha mapafu alisikia mpasukopasuko kama wa chumvi iliyotupwa katika chombo cha moto. Penye maji kando ya pafu sauti ya mgonjwa ilitetemeka kama mlio wa mbuzi. Penye hewa na maji pamoja palitoka mlio mwembamba wa madini, kama chembe ya mchanga ikidondoka katika kikombe. Jambo lililomshangaza kupita yote aliliona kwa mwanamke mmoja mwenye umri wa miaka ishirini na kitu: aliposema, maneno yake hayakuonekana kutoka kinywani bali kupanda moja kwa moja kutoka kifuani, kupitia mti, hadi sikioni mwa daktari. Akawapima wengine, akakuta wachache wenye dalili hiyo. Walipofariki na kufunguliwa, mahali pale palikuwa na shimo katika pafu, lililochimbwa na kifua kikuu.

Mwaka 1819 alitoa kitabu chake, mabuku mawili. Aliyekinunua aliweza kuongeza faranga chache akapewa na chombo chenyewe. Katika kitabu hicho kichomi, maji ya kifuani, kupanuka kwa mapafu na kifua kikuu vilitenganishwa kwa dalili ambazo daktari aliweza kuzisikia mgonjwa angali hai. Alionyesha pia kwamba zile namna nyingi za vivimbe vya kifua kikuu, vidogo na vikubwa, vigumu na vilivyooza, zote ni ugonjwa mmoja katika hatua mbalimbali, hata kama umeshika mapafu, mifupa au matumbo. Wengi hawakukubali. Alikuwa amesema kweli, na mwaka 1882 Robert Koch alipokiona kijidudu chenyewe huko Berlin, ubishi ulikwisha.

Usifikiri, msomaji mpenzi, kwamba watu walimpokea kwa vigelegele. Daktari John Forbes, aliyekitafsiri kitabu hicho kwa Kiingereza mwaka 1821, alionya katika utangulizi wake kwamba hatumaini chombo kile kitaenea, maana kilitaka muda mwingi na taabu, na tena kilionekana kama kichekesho, daktari mzima akisikiliza kwa mti. Adui mkali kuliko wote alikuwa Broussais, Mbretoni mwenziwe, mtu wa maneno makali na wanafunzi wengi. Kwake karibu kila ugonjwa ulitokana na mwako wa tumbo, na dawa yake ilikuwa njaa na kunyonywa damu kwa miruba. Mafundisho yake yalienea hata Ufaransa ikalazimika kuagiza miruba kwa mamilioni kutoka nchi za nje. Broussais alimcheka Laennec kwamba ajua kueleza mauti tu, wala hamponyi mtu.

Dhihaka hiyo ilikuwa na ukweli wake, na hatuna budi kuukubali. Laennec hakuwa na dawa ya kifua kikuu. Katika wodi zake alitandaza mwani wa bahari kuzunguka vitanda, akitumaini kwamba hewa ya pwani ya Bretagne itawafaa wagonjwa wa Paris. Haikuwafaa. Lakini Broussais naye hakuwa na dawa. Tofauti ni kwamba yeye hakulijua hilo. Wagonjwa wake walitolewa damu kwa ajili ya ugonjwa wasiokuwa nao. Huyu mwingine alikataa kumdanganya mgonjwa na kujidanganya nafsi yake. Ilipita zaidi ya miaka mia moja kabla ya dawa ya kwanza yenye nguvu ya kifua kikuu kupatikana, mnamo 1943 huko Marekani, na dawa hiyo haingaliweza kupewa watu waliostahili kama hapangalikuwapo watu waliojua kwanza kuutenga ugonjwa huo na mengine.

Wala Laennec mwenyewe hakuwa mtu asiyekosea. Alikuwa mkali wa kalamu, hasa akimjibu Broussais. Serikali ilipovunja Kitivo cha Udaktari cha Paris mwaka 1822 na kuwaondoa maprofesa kadhaa, naye mwaka uliofuata akapewa kiti humo, wako walionung'unika kwamba amekipata kwa rozari na kwa kumpenda mfalme kuliko kwa elimu. Kuhusu elimu walikosea; kuhusu siasa za siku zile, manung'uniko yao hayakutoka hewani.

Kosa lake kubwa la uganga ni la kusikitisha zaidi. Alieleza habari za nyumba moja ya watawa wanawake huko Paris, ambayo kanuni zake zilikuwa kali kupita kiasi, hata wakuu wa Kanisa walikuwa hawajazikubali. Kwa miaka kumi alikuwa daktari wao, akaona nyumba nzima ikiisha kwa kifua kikuu na kujazwa upya mara mbili tatu. Waliosalimika walikuwa mkuu wao, mlinzi wa mlango, na masista wa bustani, wa jikoni na wa chumba cha wagonjwa. Akasema ni huzuni iliyowaua wale wengine, kwa kuwa walifundishwa kuwaza daima mambo ya kutisha ya dini bila faraja zake. Leo twasoma orodha ile ile na kuona jambo jingine: karibu wote walioishi ni wale ambao kazi zao ziliwatoa katika vyumba vilivyofungwa, wakavuta hewa safi. Ushahidi wa maambukizo ulikuwa mkononi mwake, ameuandika kwa wino wake mwenyewe, naye hakuuona. Sikio lake lilisikia kila kitu isipokuwa hilo.

Labda ilikuwa vigumu kwake kuliona, maana ugonjwa huo ulikuwa umemzunguka kama hewa. Mdogo wake Michaud alifariki nao mwaka 1810. Rafiki yake mkubwa, daktari Bayle, aliyekuwa bingwa wa kuuchunguza, alifariki nao mwaka 1816, mwaka uleule wa bomba la karatasi. Laennec mwenyewe alikuwa na pumzi fupi na uchovu wa daima. Kitabu kilipokwisha mwaka 1819 aliondoka Paris amechoka kabisa, akaenda kukaa Kerlouarnec, shamba la upande wa mama yake karibu na bahari huko Douarnenez. Akavaa viatu vya mti kama wakulima, akashughulikia miti na kuta za shamba. Miaka miwili hivi baadaye akarudi kazini. Wanafunzi walimjia kutoka nchi nyingi za Ulaya, na kando ya vitanda alifundisha kwa Kilatini, ili wageni wamfahamu, na mgonjwa asisikie hukumu yake ikitangazwa juu ya kichwa chake. Mwaka 1824 alimwoa Jacquemine Argou, mjane wa ukoo wake aliyekuwa akimtunzia nyumba. Alishika mimba, lakini ikaharibika, hawakujaliwa mtoto.

Ile tarumbeta ya wakunga nayo yatoka siku hizo. Rafiki yake Kergaradec, Mbretoni pia, aliweka silinda juu ya tumbo la mama mjamzito akitaka kusikia maji yakicheza mtoto anapogeuka. Badala yake akasikia mdundo mwepesi kama wa saa ya mfukoni, wenye kasi kuliko moyo wa mama. Mwezi wa Desemba 1821 aliisomea Academy ya madaktari wa Paris habari hiyo, na hivyo ikajulikana njia ya kumjua mtoto aliye hai kabla hajazaliwa. Umbo la tarumbeta lililoenea hadi kwetu lilitolewa na Adolphe Pinard mwishoni mwa karne ya 19. Na chombo kinachofaa cha masikio mawili kilitengenezwa na George Cammann wa New York mwaka 1852.

Mwanzoni mwa mwaka 1826 Laennec alijilazimisha kumaliza chapa ya pili ya kitabu chake, huku homa, kikohozi na kuharisha vikimla mwili. Alimwita Mériadec, kijana wa ukoo wake aliyekuwa daktari, amsikilize kifua kwa silinda na kumwambia anachosikia. Mériadec akasikiliza, akaeleza. Laennec alizitambua sauti zile. Alikuwa amezieleza mwenyewe, kwa maneno yake mwenyewe, miaka saba kabla.

Mwisho wa mwezi wa Mei aliondoka Paris na mkewe kurudi Kerlouarnec. Kwa siku chache upepo wa bahari ulionekana kumpa nguvu, kisha akalala. Tarehe 13 Agosti 1826, saa chache kabla ya kukata roho, alivua pete zake vidoleni moja moja, akaziweka kando. Mkewe alipomwuliza sababu, alimjibu kwamba muda si mrefu mtu mwingine angelazimika kuifanya kazi hiyo, naye hakutaka mtu apate uchungu huo kwa ajili yake. Alizikwa Ploaré. Katika wasia wake alimwachia Mériadec karatasi zake zote za elimu, saa, pete, na ile silinda ya mti, akiandika kwamba hiyo ndiyo sehemu bora ya urithi wake.